Moto Unaolingana na Nyumba

Katika kila habari ya nyumba umo moto ndani yake. Tunapozungumza juu ya maendeleo ya makazi tumezoea kuhesabu mabati, saruji, madirisha na vyumba, lakini ni nadra kuuliza swali ambalo wazee wetu hawakulisahau hata siku moja: nyumba hii inahitaji moto wa kiasi gani? Msomaji anaweza kudhani kwamba hilo ni swali la watu wa nchi za theluji. Huko ni kweli kwamba mtu hawezi kujenga nyumba bila kupiga hesabu ya chombo cha kuipasha joto. Sisi wa Mkolani, kwenye barabara ya kutoka Mwanza kwenda Shinyanga, tunaishi zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, karibu na ziwa ambalo hutupooza mchana na kutulinda usiku. Hatujui theluji. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba swali hilo ni letu pia, na kwamba wapo wenzetu waliopoteza maisha kwa sababu hawakuliuliza.

Nianze na nyumba ya zamani. Nyumba ya Msukuma ilikuwa ya msonge, yaani ya mviringo, kuta za fito na udongo, paa la nyasi lililochongoka juu. Ndani yake walilala watu, na mara nyingi ndama na mbuzi walikuwa na sehemu yao humo humo. Moto ulikuwa juu ya mafiga matatu. Uliivisha ugali na mlenda, uliangaza, na usiku ulipofifia ulibaki makaa machache yaliyofunikwa majivu hadi alfajiri. Moshi wake haukuwa na bomba la kutokea. Ulipanda taratibu, ukapita katikati ya nafaka na mbegu zilizotundikwa juu, ukazikausha na kufukuza wadudu, kisha ukajipenyeza kwenye nyasi za paa na kutoka nje. Paa la ndani liligeuka jeusi kama lami, na weusi huo ndio uliolifanya lisiliwe upesi na mchwa.

Simaanishi kwamba nyumba ile ilikuwa pepo. Bibi zetu walizeeka na macho mekundu yenye kutoka machozi, na vikohozi vyao tulivizoea kama tulivyozoea sauti za mbuzi. Ninachosema ni kwamba moto ule na nyumba ile vilikuwa vimezoeana kwa vizazi vingi. Paa lilipumua. Ukuta ulihifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Miili ya watu na mifugo ilikuwa sehemu ya chombo cha kupasha joto, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Kwa hiyo moto wenyewe ulikuwa mdogo. Moto mkubwa ulikuwa nje, uani, mahali palipoitwa shikome, ambapo wanaume na vijana walikaa jioni, wakala pamoja na kusikiliza mazungumzo ya wazee. Moto wa watu wengi uliwekwa nje, na moto wa watu wachache ukabaki ndani. Hicho kilikuwa kipimo, ingawa hakikuandikwa popote.

Kisha mambo yalianza kubadilika, na hayakubadilika yote kwa pamoja. La kwanza kupungua lilikuwa kuni. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihimiza ukataji wa vichaka katika Usukuma ili kuwaondoa mbung'o, na Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mdudu huyo chini ya Charles Swynnerton. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashamba ya pamba yaliongezeka, na ng'ombe nao wakaongezeka. Katika sehemu nyingi mwanamke alijikuta anapikia mabua ya pamba na samadi kavu. Kisha vikaja Vijiji vya Ujamaa. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha ifikapo mwisho wa 1976. Watu waliokuwa wametawanyika, kila mji na vichaka vyake, walikusanywa mahali pamoja, na miti iliyokuwa karibu na vijiji ikatumiwa kwa haraka. Hali ya miti ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tunaujua kwa jina la HASHI, uliowarudisha watu kwenye desturi yao ya ngitili, yaani kutenga eneo ili majani na miti ipumzike na kuota tena.

La pili kubadilika lilikuwa nyumba. Msonge uliiachia nafasi nyumba ya pembe nne, nyasi zikaliachia nafasi bati, na mjini udongo ukaliachia nafasi tofali la saruji. Mwanza ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 2000, vitongoji kama Mkolani vilikuwa tayari vinapanda vilima, nyumba zikijipenyeza kati ya mawe makubwa. Nyumba hizi ni za fahari, nami nakaa katika mojawapo. Lakini zina tabia mbili ambazo msonge haukuwa nazo. Bati halihifadhi joto, kwa hiyo mchana huwa tanuri na usiku huachia baridi ishuke. Na ukiweka dari, vioo madirishani na mlango wa mbao uliokaa sawasawa kwenye fremu, nyumba haipumui tena kwa yenyewe. Inapumua pale tu mwenye nyumba anapoiruhusu.

La tatu lilikuwa mkaa. Kuni ni nzito na zina moshi, na mtu wa mjini hapendi vyote viwili. Mkaa ni mwepesi kubeba, hautoi moshi wa kuumiza macho, na kilo yake moja ina joto karibu maradufu ya kilo ya kuni. Ndiyo sababu ulishinda. Gharama yake ilibaki porini, kwa maana katika tanuri la udongo la kienyeji hutumika kilo 6 hadi 10 za kuni ili kupata kilo moja tu ya mkaa. Mkaa ukaleta jiko la bati, lililotengenezwa na mafundi wetu kwa mapipa na vyuma chakavu. Jiko hilo lina sifa moja ambayo mafiga hayakuwa nayo: linabebeka. Mafiga hukaa pale yalipowekwa. Jiko la bati linaweza kupikia uani jioni, na saa mbili baadaye likaingizwa chumbani pamoja na makaa yake. Hapo ndipo ilipo hatari.

Mwezi wa Julai Mwanza huwa na usiku wa baridi kwa kadiri yetu, joto likishuka hadi nyuzi 16 au 17. Ni katika Julai moja ya namna hiyo binti yangu alirudi nyumbani Mkolani kutoka hospitali, akiwa na mtoto wa siku tatu. Dada yangu mkubwa alikuwa ametangulia kufika kutoka kijijini kuja kumwuguza mzazi, kama ilivyo haki na wajibu wa shangazi. Alikuja na unga wa uji, vitenge viwili, na shauri lililokwisha kukatwa: mzazi na mtoto wawekewe jiko la mkaa chumbani, usiku kucha, kwa muda wa wiki mbili. Chumba chenyewe kilikuwa na upana wa mita 3 na urefu wa mita 3, kina dari, na dirisha moja la vioo.

"Shangazi mtu ndiye anayesema," aliniambia. "Wewe baba mtu kaa sebuleni."

Nilimwambia, "Dada, sikatai moto. Nauliza ukubwa wake."

"Moto una ukubwa gani? Moto ni moto. Mama yetu alituzaa sote kando ya moto, na hapa tupo."

Nilimjibu kwamba mama alituzaa kando ya moto ndani ya msonge. Nilimwomba atazame juu. Je, dari ile ingepitisha kitu? Alitazama dari, akatazama dirisha, akanyamaza kidogo. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Basi nipe nyumba ya mama, nami nitampa mtoto moto wa mama. Umejenga nyumba nyingine. Sasa niambie moto wake ni upi."

Lilikuwa swali la haki, na naomba msomaji tulijibu pamoja, kwa maana halikunihusu mimi peke yangu.

Hatari yenyewe ni hii. Mkaa unapoungua mahali penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kabonimonoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni humwamsha mtu na kumfukuza nje, bali gesi hii humlaza. Ikiingia katika damu hushikamana na chembe zinazobeba hewa safi kwa nguvu inayozidi ile ya hewa safi yenyewe zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kufanya kazi yake. Kichwa huuma, mwili hulegea, usingizi huja, na wengine hawaamki. Katika nyanda za juu za kusini, kama Njombe na Makete, ambako baridi ni kali kweli kweli, habari za watu waliolala na jiko la mkaa na kukutwa wamekufa zimejirudia mara nyingi. Watu hao hawakuwa wajinga. Walifanya walivyofanya babu zao, isipokuwa babu zao hawakuwa na vioo.

Hatari ndiyo hiyo. Hesabu nayo inasemaje? Katika nchi za baridi fundi anayeweka mitambo ya joto haanzi kwa kuuliza mtambo gani ni mkubwa. Anaanza kwa kuuliza nyumba inapoteza joto kiasi gani: kupitia kuta, paa, madirisha na nyufa. Mtambo uliopungua hauifikishi nyumba kwenye joto linalotakiwa. Mtambo uliozidi huwaka na kuzimika kila mara, hula mafuta bure na huchakaa mapema. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, wengi wa Ulaya walijifunza kwamba njia nafuu ya kupata joto ni kuziba mahali linapopotelea kabla ya kununua moto zaidi.

Fikra hiyo ni ya zamani kuliko mafuta. Mwishoni mwa karne ya 18 alikuwapo mtu mmoja, Benjamin Thompson, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1753 na baadaye akapewa cheo cha Count Rumford alipokuwa akiutumikia utawala wa Bavaria. Huko Munich alisimamia jiko la kulisha maskini, zaidi ya watu 1,000 kwa siku, na akaona jinsi kuni zinavyoungua bila kumfaidia mtu. Aliufungia moto ndani ya matofali, kila chungu na moto wake, kila moto kwa kadiri ya chungu chake. Alipokwenda London katika miaka ya 1790 aliyakuta meko ya sebuleni makubwa mno, yakivuta joto lote kwenda nje kwa bomba. Aliyapunguza upana na kina, akabana koo la bomba, na vyumba vikapata joto zaidi kwa mkaa wa mawe kidogo zaidi, huku moshi ukiacha kurudi ndani. Watu walidhani wamepunguziwa moto, kumbe wameongezewa joto.

Kwetu Afrika Mashariki somo hilo lilikuja kwa njia ya jiko la udongo na bati. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981, mafundi na wataalamu wa Kenya walitengeneza jiko lenye kiuno, bati kwa nje na udongo wa kuchoma kwa ndani, wakichukua mfano kutoka majiko ya Thailand. Udongo ule huzuia joto lisipotee ubavuni. Jiko la bati tupu hupeleka kwenye sufuria karibu moja ya tano ya joto la mkaa, na jiko hili hufikia karibu moja ya tatu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Tanzania nayo ilikuwa na mradi wake wa Jiko Bora, na mwaka 1990 ikaanzishwa TaTEDO, shirika lililofanya kazi ya majiko na nishati za wananchi kwa miaka mingi.

Lakini hata jiko bora likiwa la ukubwa usiofaa si bora tena. Sufuria likiwa dogo kuliko mdomo wa jiko, joto hupita pembeni na kwenda zake. Sufuria likiwa kubwa mno, maharage hayaivi na ugali husongwa kwa hofu ya kupinduka. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba kaya ya Kitanzania ilikuwa na wastani wa watu 4.7, na ile ya 2022 ikaonyesha 4.3. Kaya zetu zinapungua watu, nasi bado tunanunua jiko la kupikia arusi, kwa sababu tunaona haya mgeni akikuta jiko dogo.

Sasa turudi kwenye chumba cha mzazi kwa hesabu hiyo hiyo. Nusu kilo ya mkaa ikiungua kwa saa moja hutoa joto la wati zipatazo 4,000. Mtu mzima aliyelala hutoa kama wati 70 hadi 100 kwa mwili wake tu. Chumba cha mita 3 kwa 3, kinachohitaji kupanda nyuzi 5 tu kutoka baridi ya Julai, hakihitaji hata robo ya joto la jiko lile. Kwa maneno mengine, dada yangu alitaka kumtibu mgonjwa wa mafua kwa dawa ya ng'ombe. Na hata kama angepunguza mkaa ukawa wa kiganja kimoja, sumu yake ingebaki ndani usiku kucha. Ndiyo kusema kwamba kwa chumba kile ukubwa sahihi wa moto wa mkaa ni sifuri. Mtoto mchanga hukosa joto upesi, hilo ni kweli, na dada alikuwa sahihi kuliogopa. Lakini joto lake la kumtosha liko kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, ndani ya blanketi na kofia kichwani.

Tulikubaliana hivi, na shauri lilikuwa lake kuliko langu. Jiko lilikaa kwenye kibanda cha jikoni uani, ambacho kina ukuta pande mbili tu. Asubuhi na jioni mzazi alikaa pale akaota moto, akanywa uji, akakandwa kwa maji ya moto kama desturi inavyotaka. Nguo za mtoto zilipashwa pale pale, kisha zikaingizwa ndani zikiwa na joto. Usiku chumbani walilala watatu, mzazi, mtoto na shangazi, na dirisha likaachwa wazi upana wa vidole viwili. Sikuzima desturi ya mtu. Moto ulirudi nje kama ulivyokuwa shikome, na joto la ndani likaachiwa miili ya watu, kama ilivyokuwa ndani ya msonge. Dada yangu mwenyewe ndiye aliyeliona hilo kabla yangu. Alisema, "Kumbe tumerudi kwa mama kwa mlango wa nyuma."

Leo tumo katika badiliko la nne. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mwezi huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris juu ya jambo hilo kwa Afrika nzima. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Kwa hiyo siwezi kuulilia mkaa. Ninachoomba ni kwamba katika kubadili moto tusisahau tena kupima. Mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake unawafaa watu wawili au watatu. Familia inayochemsha maharage kila siku na kusonga ugali wa watu wanane itauchukia upesi, itarudi kwenye gunia la mkaa, na kusema gesi ni ya matajiri. Kumbe walipewa tu moto usiolingana na chungu chao.

Kama msomaji ananunua jiko, au anamjengea mwanawe nyumba, namshauri ahesabu kwa utaratibu huu. Kwanza, ahesabu watu wanaokula kila siku, si wageni wa sikukuu. Pili, apime sufuria litumikalo zaidi, ndipo achague jiko ambalo mdomo wake unafunikwa na sufuria hilo. Tatu, atazame moto utakaa wapi, na hewa itaingilia wapi na kutokea wapi. Nne, kabla ya kutafuta moto wa kufukuza baridi ya usiku, azibe matundu ya bati, aweke dari, anunue blanketi. Na kama ni mkaa, usilale naye chumba kimoja mtu yeyote, awe mzee, mgonjwa, au mzazi.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Tumezoea kulitumia neno hilo kuhimiza ushirikiano, na si vibaya. Mimi siku hizi nalisikia kama neno la jikoni pia. Moto ni figa moja, watu ni la pili, na nyumba ni la tatu. Ukibadili moja, kayapange upya na mengine mawili kabla hujainjika chungu.